Miguu Yangu na Mto Momba

Kandambili ya kushoto ndiyo iliyonipa taarifa kwanza. Nilitoka dukani kwangu Tunduma, duka la vitenge karibu na mpaka, nikavuka barabara yenye foleni ya malori, nikasimama upande wa pili kununua nyanya. Mwenye nyanya akanitazama miguuni.

"Dada, kiatu kingine umekiacha wapi?"

Nikaangalia chini. Mguu wa kushoto ulikuwa peku, vumbi tupu, na kidole gumba kinatoka damu. Kandambili ilikuwa kule katikati ya lami, lori linaipita juu. Nilikuwa nimetembea peku juu ya kokoto na sikuhisi kitu.

Nikacheka. Nikamwambia yule mama uzee umeingia mapema, na yeye akacheka, nikachukua nyanya zangu nikaondoka. Hadi leo nikikumbuka kicheko kile mwili unanisisimka.

Naandika haya kwa sababu sasa natembea. Kwa magongo, ndiyo, na polepole kiasi kwamba kuku wananipita, lakini natembea. Naandika pia kwa sababu nilipokuwa nimelala sikupata hata mtu mmoja aliyepitia jambo hili akae kando ya kitanda aniambie inakuwaje. Madaktari waliniambia ugonjwa. Hofu hakuna aliyeniambia, na hofu ndiyo iliyonitafuna kuliko ugonjwa. Basi mimi nitaisema.

Mambo yalianza na Chanda. Huyu ni binamu wa mume wangu, amekulia Zambia, na kwa miaka mingi aliongoza watalii kwenye maporomoko ya Zambezi kule Livingstone. Kazi ilipoisha akaja kwa ndugu zake upande wetu wa mpaka, juu ya lori la mahindi, na mitumbwi miwili mifupi ya plastiki iliyokwaruzika kama sufuria za msibani. Ndizo kayaki. Majirani wakauliza kama ni majeneza ya watoto au mabeseni ya kunyweshea ng'ombe. Mimi nikauliza kama naweza kuingia.

"Mulamu, unaweza," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita, shemeji kwa Kibemba. "Ila utakunywa maji kwanza."

Nilikunywa, jamani. Ukiwa ndani ya kayaki miguu imenyooka mbele, magoti yamebanwa kushoto na kulia, na kiunoni umevaa sketi ya mpira inayofunga mdomo wa mtumbwi ili maji yasiingie. Mkononi una kasia lenye vichwa viwili. Ukipinduka, na utapinduka, unabaki kichwa chini ndani ya maji, halafu unapiga kasia na kuzungusha kiuno kwa nguvu, unarudi juu. Sisi tuliita kuamka. Mara ya kwanza nilipoamka mwenyewe nilipiga kelele hadi mbuzi wa ng'ambo wakakimbia. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, mwenye duka, mwimbaji wa kwaya, na sikuwahi kujua kuwa ndani yangu kuna mtu kama yule.

Tukawa kikundi, vijana wachache wa Tunduma, Chanda na mimi. Jumamosi asubuhi tulipakia kayaki kwenye pikapu tukashuka hadi Momba, mahali mto unapobanwa na vilima. Kijiji cha pale sitakitaja. Njia ya kufikia maji inakatisha shamba la ufuta la mzee mmoja tuliyemwita Baba Meshaki, na makubaliano yetu naye yalikuwa ya mdomo: tunapita pembeni, tunabeba kayaki begani wala hatuburuzi, na masika yakiisha tunakuja na majembe kuitengeneza njia iliyobomolewa na mvua. Njia hiyohiyo ndiyo wanayopita wanawake wa kijiji na ndoo zao. Miaka yote tulilima naye, tukala naye ugali na mlenda, hakukuwa na neno.

Maporomoko tuliyapa majina. Kinu, panapotwanga. Chini yake Mama Mkwe, ambapo ukikosea kidogo tu unaambiwa ukweli wako wote. Na chini ya Mama Mkwe mto unapanuka, unapoa, unakuwa bwawa la kijani lenye matete kandokando. Hapo tulipaita Sebuleni.

Naomba hapa unisikilize vizuri. Kinu na Mama Mkwe tuliviogopa. Tulivaa helmeti na maboya, tuliomba kabla ya kuingia, tulisimamisha mtu juu ya mwamba na kamba ya kurusha. Tukifika Sebuleni tulivua kila kitu. Tulikaa majini hadi vidole vikakunjamana, tukifundishana kuamka, tukila mihogo ya kuchemsha, watoto wa kijiji wakituzunguka wakiogelea na kina mama wakichota maji pembeni. Tukitoka tulikuwa tunawashwa ngozi. Tukasema ni matete, tukajipaka mafuta, tukaenda nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaogopa maji yale yaliyotulia.

Mwaka ninaousimulia, mgongo ulianza kuniuma wakati wa kuvuna kahawa. Nakumbuka kwa sababu nilikwenda Ihanda, kwa mama yangu, kumsaidia kuchuma, nikashindwa kuinama. Mama akanikanda kwa maji ya moto akinung'unika kwa Kinyiha. Alikuwa na adui wake tayari.

"Ni ule mtumbwi wako," akasema. "Mwanamke mzima unakaa kwenye maji kama bata."

"Mama, ni mgongo tu."

"Mgongo tu! Haya."

Kisha ikaja ile kandambili. Na Jumamosi iliyofuata, kwa ukaidi wangu, nikaenda mtoni.

Sikuingia kwenye maporomoko. Nikasema mgongo unauma, leo nitajizoeza Sebuleni tu. Nikajipindua kwa makusudi kama nilivyofanya mara zisizo na idadi, nikatulia kichwa chini kwenye ule ukijani, nikapiga kasia, nikazungusha kiuno. Kiuno hakikuja. Nikapiga tena. Ilikuwa kama kumwita mtu aliyehama nyumba. Magoti yalikuwa yamebanwa palepale kwenye plastiki na sikuyasikia kama ni yangu au ni ya kayaki. Nikaanza kupapasa ule mkanda wa kufungulia sketi, nikaukosa, na nikasema moyoni, Neema mwanangu, mama yako anakufa sebuleni.

Nikaupata. Sketi ikafunguka, nikajisukuma kwa mikono, nikatoka nikikohoa maji. Chanda alinivuta kwa boya hadi ukingoni, akasema simama. Nikamwambia, "Nimesimama." Nilikuwa nimekaa.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Huyu mtu amevusha wazungu wanaolia kwenye Zambezi, na sasa alikuwa anawaita wenzake kwa kelele.

Wakanibeba kwa njia ya ufuta, mmoja kwapani huku, mwingine kule. Baba Meshaki alikuwa shambani, akavua kofia.

Kwenye zahanati walinipima malaria, wakanipa dawa za mgongo na za mkojo. Siwalaumu, hata mimi ningesema hivyo. Lakini kesho yake mkojo ulikataa kutoka. Nilikaa chooni nikisukuma, tumbo limevimba, nikawa nalia kwa sauti hadi mume wangu, Baba Neema, akavunja komeo. Tulipofika hospitali wakaniwekea mpira wa mkojo na mfuko wake wa kuning'inia, na kwa dakika chache nilimshukuru Mungu kwa unafuu ule, nikasahau kabisa kuwa miguu haipo. Ndivyo mwili unavyokudanganya. Unaomba kitu kimoja kidogo, unapewa, unadhani umepona.

Kutoka hapo tulipelekwa hospitali kubwa ya rufaa, Mbeya. Kama hujawahi kungoja kwenye korido ya hospitali ukiwa umelala juu ya machela, nikwambie: unaona dari na pua za watu. Watu wanakuangalia wakipita, halafu wanarudisha macho miguuni. Mama mmoja alimwuliza Baba Neema, mimi nikisikia, "Ajali ya bodaboda?" Akajibu, "Hapana, mto." Yule mama akajivuta pembeni na kujifunika kitenge vizuri. Nadhani alifikiri ni mambo ya uchawi.

Daktari kijana alipita na kitu cha chuma akanigusa mguu kuanzia chini.

"Unasikia baridi?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

Akapanda goti, akapanda paja. Nikaanza kuomba moyoni afike mahali nitakaposema ndiyo. Alifika kitovuni. Chini ya kitovu sikuwa na mtu.

Nilipigwa picha ya mgongo, nikatolewa damu, choo, maji ya uti wa mgongo. Hofu ya siku zile za kungoja majibu siwezi kuipamba. Niliogopa kulala kwa sababu nilidhani ganzi itapanda juu nikiwa sijui, ifike kifuani, ifike mikononi. Kila nikizinduka nilikuwa najifinya tumboni kuhakikisha mpaka uko palepale. Niliogopa kula kwa sababu ya aibu ya choo. Niliogopa mume wangu akitoka nje kupokea simu. Niliogopa mtoto aje anione, na niliogopa asije.

Siku ya majibu alikuja daktari mwanamke, mtu mzima, akaketi kitandani kabisa. Akaniuliza kama ninalima mpunga. Nikasema hapana. Navua samaki? Hapana. Akaniuliza basi naingia wapi kwenye maji. Nikamweleza kuhusu kayaki, na akasikiliza bila kucheka. Nilipofika Sebuleni akainua mkono.

"Hayo maji yana majani? Yana konokono wadogo?"

Nikafumba macho. Niliwaona. Walikuwa wamejaa kwenye mashina ya matete, weusi, kama mbegu, na mara moja Neema alipokuja nami alitaka awachukue nyumbani akacheze nao.

"Ni kichocho," akasema. "Mayai yamekwenda kwenye uti wa mgongo. Si kawaida, lakini hutokea."

Kichocho! Ugonjwa wa watoto wa shule. Nilikuwa nimejiandaa kwa saratani, nimejiandaa kwa kurogwa, hata kwa mwamba wa Mama Mkwe nilikuwa nimejiandaa. Niliuliza kama nitatembea. "Tutajaribu," akasema. "Wengine hutembea."

Dozi ya dawa ya kichocho, baadhi yenu mnakumbuka mashuleni, hupimwa kwa kijiti kirefu chenye alama, unasimama kando yake wanaona kimo chako. Muuguzi alikuja nacho akasema kwa mazoea, "Simama hapa mama." Kisha akagundua. Tukatazamana. Akakilaza kijiti kando yangu kitandani, kutoka kisigino hadi utosini, polepole, kama fundi anayepima ubao. Mimi ninayeimba misibani na kwaya najua nini kingine hupimwa hivyo. Nikageuza uso ukutani nikalia.

Zikafuata dawa za kupunguza uvimbe wa uti wa mgongo. Hizo zilinipa njaa ya ajabu, na uso ukaumuka kama andazi. Neema alipoletwa hatimaye, alisimama mlangoni akaninyooshea kidole akamwuliza baba yake, "Huyu ndiye mama?" Nikamwita kwa sauti. Sauti aliijua, akaja. Namshukuru Mungu kwamba dawa haikugusa sauti.

Mama alikuwa ameshafika. Aliacha kahawa mtini, kitu ambacho hajawahi kukifanya hata siku ya harusi yangu, akaja na godoro dogo na jiko la mkaa. Siku ya kwanza alifunua shuka, akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu, akaifunika. Nilisubiri aseme habari ya bata. Hakusema. Akaanza kuiosha kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu, kidole kwa kidole, ingawa nilimwambia sisikii.

"Mimi nasikia," akajibu.

Baba Neema yeye alinipitisha pagumu. Ndugu zake walimwambia mke wako alicheza na mto, mto umemchukulia miguu, mwanamke wa kawaida hawezi kuugua hivi. Akaanza kuchelewa kuja, mara duka, mara mtoto. Siku moja akasema, akiwa amesimama dirishani, "Nilikukataza." Hakuwahi kunikataza! Alikuwa akinipiga picha na kuwaonyesha watu! Nikamtupia kikombe cha plastiki, kikampata sikioni, na uji ukamwagika juu ya shati la kwenda kazini.

Akafuta shati. Akakaa. Akasema, "Hilda, naogopa." Nikamwambia na mimi naogopa, sasa tufanyeje? Akainama akauangalia ule mfuko wa mkojo, umejaa, akaufungua mwenyewe kwa mara ya kwanza na kuumwaga. Kuanzia siku ile, hiyo ikawa kazi yake, na hakuchelewa tena.

Mvua za kwanza zilinikuta bado wodini. Nilikuwa nazisikiliza kwenye bati na kuona mto ukijaa akilini mwangu. Siku moja wakati Mama ananiosha, kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kikacheza. Mama akasita. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akatoka nje mbio, nikadhani amemwita daktari. Kumbe alikwenda kulia bombani, kisha akarudi na beseni akaendelea kuosha kama kawaida.

Mazoezi yalikuwa mateso. Dada wa mazoezi ya viungo alikuwa mkali kama mwalimu wa hesabu. Baa za chuma kwanza, kisha kiunzi cha kutembelea, kisha magongo. Tulipofika kwenye ngazi nikagoma. Kupanda niliweza, kushuka niliona shimo. Goti la kulia lilikuwa linajikunja bila taarifa. Mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi, akainuka, akapanda ngazi, akasimama mbele yangu chini kidogo, akanigeukia uso kwa uso.

"Ukianguka, niangukie mimi," akasema.

Akashuka kinyumenyume, ngazi kwa ngazi, mikono ameitanua bila kunigusa, mwanamke wa umri wake. Nikashuka. Ndivyo tulivyofanya kila siku hadi nikaruhusiwa kurudi nyumbani, mpira wa mkojo ukiwa umetolewa, namshukuru Mungu.

Masika yalipopita, Chanda akaja nyumbani. Alikuwa amekonda. Yeye na vijana wote walikuwa wamepimwa, na wengi walikutwa nacho wakameza vidonge, ila hakuna aliyeguswa mgongo. Alizungukazunguka weee, akaisifia chai, halafu akasema kwamba Baba Meshaki anaziba njia. Ameshakata miiba. Habari za miguu yangu zilimfika, na amesema hakuna mtu atakayekanyaga mto ule kupitia shambani kwake, awe na kayaki awe na ndoo. Kijiji kimeitisha mkutano.

"Njoo useme ni mgongo, mulamu," akaniomba. "Ulianguka. Kayaki ilikugonga. Watu wanaelewa ajali. Ukisema mto, tumekwisha, na wale kina mama watazunguka mpaka darajani kuchota maji."

"Na wale watoto wanaoogelea Sebuleni?"

Akaangalia kikombe chake. "Awe," akasema kwa sauti ndogo, yaani hapana, hana la kusema.

Usiku ule sikulala, na sitadai nilikuwa jasiri. Mto ule ulinipa mtu niliyempenda kuliko wote niliowahi kuwa. Kuuzibia njia kwa mdomo wangu mwenyewe niliona ni kujikata miguu mara ya pili. Lakini nilikuwa namwona Neema na wale konokono mkononi.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule. Niliwekewa kiti mbele, Mama kando yangu. Baba Meshaki alisimama, kofia mkononi.

"Mimi sina ugomvi na hawa vijana," akasema. "Wamelima na mimi. Lakini mnamwona huyu. Alikuwa akipita kwangu amebeba ule mtumbwi begani, anaimba. Sasa mwangalieni. Wajukuu zangu wako mle majini kila siku. Nani ataniambia nisiogope?"

Mwenyekiti akaniuliza kama nina neno. Nikajiinua kwa magongo, na kule kujiinua tu kulichukua muda hadi watu wakaanza kukohoa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Ogopa," nikamwambia. "Unayo haki. Ni mto umenifanya hivi, sikuanguka. Ila si mto wote. Ni pale kwenye matete, maji yanapolala. Ni kichocho." Nikawageukia kina mama. "Niambieni ukweli. Watoto wenu wa kiume wanakojoa damu?"

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasema, "Wangu anakojoa. Lakini si ndiyo kukua? Kwetu tunasema mvulana amekomaa." Mwingine akasema wake pia. Mwingine. Baba Meshaki akaketi, akaiweka kofia magotini, na nikaona midomo yake ikitaja majina ya wajukuu zake mmojammoja.

Sitasimulia yote yaliyobishaniwa, maana yalibishaniwa hadi jua likageuka. Mwisho waliamua hivi: watoto wapelekwe wapimwe wapewe dawa, ile miiba izibe njia ya kwenda kwenye matete, na njia ya mto ipande juu, ipite miambani, itokee penye maji yanayokimbia chini ya Kinu, ambako kina mama watachota na kina Chanda wataingilia. Waganga wa kituo cha afya walisema hata huko usioge wala usichezee maji. Kikundi chetu ndicho kitakachoichonga. Baba Meshaki alitoa sululu lake.

Watu walinipigia makofi. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na sikufikiria kitu hadi njia ilipokwisha na Chanda akaja kutuchukua tukaione.

Niliposimama juu nikaelewa. Ilikuwa ngazi ya mawe. Walikuwa wamechonga vizuri, wamepanga mawe, lakini inashuka kama ukuta, na chini kabisa mto unanguruma mweupe. Ile njia ya zamani, tambarare, laini, ya ufuta, ambayo hata kwa magongo ningeiweza, ilikuwa imejaa miiba kwa maneno yangu mimi. Nilikuwa nimewapigania wote njia ya mto, na katika wote ni mimi tu nisiyeweza kuishuka.

Chanda aliliona usoni mwangu. "Tutakubeba, mulamu," akasema.

"Sitaki kubebwa!" Nilifoka hadi mwangwi ukarudi. Nikaketi juu ya jiwe. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini, kwa sababu kule kila kitu kilikuwa bado "tutajaribu", na hapa nilikuwa naona kwa macho mahali miguu yangu inapoishia.

Mama alivua viatu, akavishika mkononi, akavitazama, akamkabidhi Chanda. Akajifunga kitenge upya kiunoni. Kisha akashuka jiwe la kwanza, mama yangu wa Ihanda ambaye hajawahi kupenda mto hata siku moja, akanigeukia, mgongo wake umeelekea kule kwenye mngurumo.

"Haya," akasema. "Usiangalie maji, niangalie mimi."

Sijui tulichukua muda gani. Gongo la kulia liliteleza mara moja na goti likajikunja, na mikono yake ikanidaka kwapani, tukabaki tumeshikana, halafu akasema, "Jingine." Tulipofika chini nilikuwa nimelowa jasho, nimelia, na kitenge chake kimechanika upindo.

Niliketi mwambani, mbali na maji, kama daktari alivyonielekeza. Kinu kilikuwa kinatwanga. Nikavua raba ya kushoto ili mguu upumzike, na wimbi moja likagonga jiwe, likarusha matone, yakaangukia unyayoni.

"Mama," nikasema. "Baridi."

"Nini?"

"Mguu. Nasikia baridi."

Akainama haraka, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akaukausha kwa kitenge kile kilichochanika, katikati ya vidole, kidole kwa kidole, kwa nguvu, hadi ukawa mkavu kabisa. Alikuwa analia na alikuwa na hasira.

"Vaa kiatu," akasema.